Pumzi ya Mtu na Mikono ya Wenziwe

Alikuwako Marekani mwanamke aitwaye Dianne Odell, aliyeshikwa na polio mwaka 1950, naye ni mtoto wa miaka mitatu. Ugonjwa ule ulilegeza viungo vyake hata kifua kikashindwa kuvuta hewa. Akalazwa katika mtambo uitwao pafu la chuma, ambao ulianza kutumika Boston mwaka 1928. Ni pipa kubwa. Kichwa cha mgonjwa hukaa nje, na mvukuto hutoa hewa pipani ili kifua kitanuke, pumzi iingie kinywani. Kisha hewa hurudishwa, naye hushusha pumzi. Vyombo vidogo vilipopatikana hakuweza kuvitumia, maana mgongo wake ulikuwa umepinda. Basi akaishi hivyo kwa wazazi wake, karibu na Jackson, Tennessee, miaka zaidi ya hamsini. Akamaliza shule, akatunga na kitabu cha watoto.

Wako wauliza: Je, ni haki maisha ya mtu mmoja kuyala maisha ya wengine namna hii? Naliheshimu swali hili, kwa kuwa mara nyingi mwenye kuliuliza ni mtu aliyekesha. Lakini twajidanganya tukidhani kwamba sisi tupumuao bila mtambo hatumtegemei mtu. Nani alijilisha siku aliyozaliwa? Tegemeo la Dianne lilionekana kwa macho, letu limesitirika.

Hata hivyo siwapendi wamwambiao mlezi, "Vumilia, mama," kisha wakaenda zao kulala. Kuchoka si dhambi. Jambo la kuogopa ni uchovu ule kugeuka hukumu, mlezi akanena kwamba mgonjwa mwenyewe amechoka kuishi, na mgonjwa hakuulizwa. Naye ana kinywa! Na aulizwe, tena jawabu lake lisikizwe hata likiwa si lile tulitakalo.

Tarehe 28 Mei 2008, kabla ya mapambazuko, umeme ulikatika nyumbani kwa Dianne, na mashine ya akiba haikuwaka. Jamaa zake wakaushika mpini wa mtambo, wakausukuma kwa mikono, wasiweze kumwokoa. Umri wake ulikuwa miaka 61.

Mitambo ya nyumbani ya siku hizi ni midogo, nayo hutia hewa kwa mpira puani au kooni. Karibu nayo yafaa uwepo mfuko wa kukamua kwa mkono, umeme ukizimika. Ni majirani wangapi waliokwisha kufundishwa kuukamua, ili mama wa mgonjwa apate kulala usiku mmoja?