Baiskeli Ugenini na Njia ya Wapagazi



Sisi wa Tabora baiskeli tumeizoea: inabeba mkaa, maziwa, hata abiria. Ila ukienda kusoma Ujerumani, mambo yanageuka. Kwetu tunapita kushoto, kule ni kulia. Kwenye makutano shingo inageukia ilikozoea, kumbe gari linatokea upande mwingine. Mazoea peke yake hayakuokoi.

Imani nayo ni hivyohivyo. Nyumbani Jumapili mama alikugongea mlango, jumuiya ikakuulizia. Ugenini hakuna anayegonga. Ndipo unapojua kama ulikuwa unasali kweli au unafuata mkumbo tu.

Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo, kilomita zipatazo 800. Hawakwenda mmoja mmoja. Mbele alikuwepo kirangozi, jioni walilala kambi moja.

Basi ukifika mji mgeni, tafuta parokia mapema, na wenzako wawili watatu wa kusali nao. Muombe pia Mama Maria wa Ghisallo, Italia, ambaye mwaka 1949 Papa Pio XII alimtangaza msimamizi wa waendesha baiskeli.

Tusali: Ee Yesu, Kirangozi wetu, tuamshe tusiishi kwa mazoea, na usituache njiani peke yetu. Amina.