Beki Naye Ataonekana Lini?

Nafundisha mpira vijana wa chini ya miaka 17 hapa Tuala, kwenye uwanja wa vumbi tunaogawana na mbuzi. Ufundi mwingi hatuna, kwa hiyo tunacheza vile timu ndogo hucheza zikikutana na wakubwa: watano nyuma, wanne mbele yao, straika mmoja akisubiri. Tunawaachia wapinzani mpira, tunaziba katikati, na wakishapanda wote tunawashtukiza. Watu husema tumepaki basi. Hilo halinisumbui. Mnyonge kujilinda si woga.

Kinachonisumbua ni beki wangu wa kushoto. Siku moja tulishinda 1-0, straika akabebwa mabegani, na mgeni mmoja akachukua namba yake ya simu. Beki alikuwa amekaba winga mwenye mbio kumshinda, mechi nzima. Akaja kukaa kando yangu, akaanza kuvua viatu.

"Kocha, na mimi nitaonekana lini?"

Nikamjibu lile jibu letu la siku zote: timu kwanza. Akanyamaza. Usiku nikakubali kwamba nilikuwa nimemdanganya. Sikumweka pale kwa sababu ndipo anapofaa. Nilimweka kwa sababu halalamiki.

Agosti 10, 2025, pale Kasarani, Harambee Stars waliifunga Morocco 1-0 katika CHAN. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, na kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili kikawa cha kujilinda, watu kumi dhidi ya timu iliyokuja kutwaa kombe hilo. Muda si mrefu Ogam akasajiliwa na Wolfsberger ya Austria. Alistahili. Lakini hebu jiulize, bila kutafuta kwenye simu: mabeki wa siku ile unawakumbuka wangapi?

Mwanafalsafa Kant alifundisha kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu. Wengi huliruka hilo neno "tu", na uzito uko hapo. Kwenye timu kila mtu hutumika: straika hutumia jasho la beki, beki hutegemea bao la straika. Kosa si kutumika. Kosa ni kutumika bila kuambiwa ukweli, bila kuulizwa, na bila zamu ya kubadilishana mzigo.

Wafugaji wa huku wanaijua zamu. Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini, na simba huvuka kuja kutafuta mifugo. Boma likilindwa vizuri, asubuhi hakuna habari yoyote: ng'ombe wako wote, hakuna wa kupongezwa. Ndiyo maana anayekesha leo anafaa kulala kesho. Ukimkesha mtu mmoja kila usiku kwa sababu ni mpole, huo si ulinzi wa pamoja tena. Ni unyonyaji.

Najua nitakachoambiwa: ukibadilisha badilisha namba utapoteza mechi. Ni kweli, na mimi nimeshapoteza. Nilimwita yule kijana, nikamweleza kwa nini nilikuwa nampanga kule nyuma, nikamwomba msamaha. Akaomba kipindi kimoja tu cha mbele. Nikampa. Hakufunga, na aliyechukua nafasi yake alipitwa mara mbili, tukalala 2-0. Wazazi wakanichemkia.

Mazoezi yaliyofuata alifika wa kwanza. Akaniambia, "Kocha, nirudishe nyuma. Lakini usiseme tena ni ya timu. Sema ni mimi nimekubali."

Straika wetu alikuwa karibu, akasikia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, tulipopoteza mpira alirudi mbio hadi kwenye kibendera cha kona kumsaidia kukaba.