Nani Katuuza?

Ndugu msomaji, kuna neno moja la Kiswahili ambalo halinitoki kichwani: kufungwa. Mwizi hufungwa jela. Mbuzi hufungwa kamba. Mvua nayo, kwa imani ya wengi huku kwetu Dodoma, hufungwa na mtu mwenye uwezo wa kuifunga, na mwaka wa ukame hakosekani mzee wa kunyooshewa kidole. Na timu ya mpira hufungwa. Ziko lugha ambazo husema timu imepoteza mchezo, kama mtu aliyepoteza kalamu njiani. Sisi tunasema imefungwa, na papo hapo swali linazaliwa: imefungwa na nani?

Jibu la haraka ni kwamba imefungwa na timu iliyocheza nayo. Lakini hilo ndilo jibu tusilolitaka, hasa mabao yakiwa mengi. Bao 1 tunalimeza. Tutamlaumu refa kidogo, tutasema bahati haikuwa yetu, kesho yake tunakwenda shamba au kazini. Mabao 5, yaani mkono mzima, hayamezeki. Hayo yanataka mtu. Hapo ndipo utasikia kijiweni, kabla hata wachezaji hawajavua viatu: tumeuzwa.

Swali langu ni hili. Je, ni haki kumtafuta msaliti kila tunapopigwa sana?

Tuanze na watani wa jadi, maana hao hata asiyependa mpira anawajua. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba 5-1. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1. Kipindi cha pili yakaingia 4, na kuna watu walizima redio na kwenda kulala na jua likiwa bado halijazama vizuri. Siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha wake, Mbrazili Robertinho. Huyo kocha angalau alipewa mkono wa kwaheri hadharani. Wachezaji walibaki na minong'ono: yule alikuwa anatembea tu, yule alimpisha Maxi makusudi, yule ana rafiki upande wa pili. Msimu ukaisha Yanga ni bingwa, kwa mara ya tatu mfululizo. Yaani maelezo yalikuwa wazi mbele ya macho yetu, kwamba miaka ile Yanga walikuwa na timu nzuri kuliko wote nchini. Maelezo hayo hayakuwa na soko kijiweni.

Msije mkadhani nawasema Simba peke yao. Yanga walikula 5-0 tarehe 6 Mei 2012, na zamani zaidi, mwaka 1977, walikula 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga 3 peke yake. Nimewasikiliza wazee wa Yanga wakiieleza ile 6-0. Mmoja atakwambia mambo ya uongozi, mwingine mambo ya giza ambayo klabu zetu huyaita kwa adabu kamati ya ufundi. Sijapata kukutana na mzee wa Yanga anayesema kwamba Kibadeni na wenzake siku ile walicheza mpira mkubwa. Na watani wao nao waliwahi kupigwa 5-0 mwaka 1968, nenda ukawaulize.

Lakini kisa kinachonisumbua zaidi kiko kwa jirani zetu wa Kongo, ilipokuwa ikiitwa Zaire.

Machi 1974 Zaire walikuwa mabingwa wa Afrika, kule Cairo, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale. Juni wakaenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika Kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza walifungwa na Scotland 2-0, hakuna aibu. Ya pili, tarehe 18 Juni mjini Gelsenkirchen, walipigwa na Yugoslavia 9-0. Hadi mapumziko yalikuwa 6.

Sasa tazama jinsi msaliti alivyopatikana kirahisi. Kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, alikuwa mtu wa Yugoslavia, tena aliwahi kuwa kipa wa timu ya taifa hilo. Mabao yalipofika 3 akamtoa kipa wake wa kutegemewa, Kazadi, akamwingiza Tubilandu, mtu mfupi. Bwana, hapo unahitaji ushahidi gani tena? Kocha ni wao, kipa katolewa, mabao 9. Ukimpelekea mtu yeyote wa kijiweni habari hiyo atafunga kesi kabla chai haijapoa.

Ila kulikuwa na habari nyingine, ambayo ilichukua miaka kusikika. Beki Mwepu Ilunga, aliyechezea klabu ya Lubumbashi tunayoijua leo kwa jina la Mazembe, alieleza baadaye kwamba kabla ya mechi ile wachezaji walijua hawatalipwa fedha zao, na walitaka kugoma wasiingie uwanjani. Kisha, alisema, watu wa Rais Mobutu wakaja kuwatisha: wakifungwa na Brazil zaidi ya 3, wasirudi nyumbani. Wakafungwa 3 kamili. Katika mechi hiyo Brazil walipewa faulo karibu na goli, na Mwepu akachomoka ukutani akaupiga mpira mbali kabla Mbrazili hajaugusa. Dunia nzima ikacheka: tazama Waafrika, hawajui hata sheria! Mwepu alijua sheria vizuri sana. Alifariki mwaka 2015, na picha ya teke lile bado inaonyeshwa watu wacheke.

Nani aliuzwa pale, na nani aliuza? Wachezaji walidaiwa usaliti na watu waliokalia fedha zao. Kwa hiyo neno msaliti linaweza kuwa na kazi nyingine, ya kuwaficha wakubwa. Mabao yakiwa mengi, anayepaswa kuulizwa mshahara uko wapi huwa wa kwanza kuuliza kipa alikula kwa nani.

Lakini sisi huku chini, tusio na mshahara wa mtu wa kukalia, tunafaidika nini? Nadhani tunaokoa heshima. Kama tumeuzwa, basi hatukuzidiwa. Sisi bado ni wakubwa, ila katikati yetu kuna nyoka. Ni faraja tamu sana, nami naielewa. Tatizo ni kwamba bei yake hulipwa na mtu mmoja.

Hapa Kikuyu tulikuwa na timu ya ndondo, mtaa kwa mtaa, kiwanja cha vumbi na miiba. Mimi sikuwa mchezaji wa maana, kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye daftari nani kafunga na dakika ya ngapi. Jioni moja ya Agosti, upepo ule wa Dodoma ukivuma mpaka mpira unakataa kutulia, tulifungwa 8-0 na vijana wa kata ya jirani. Kabla jua halijazama ikasemwa kwamba kipa wetu alionekana usiku uliopita akinywa soda na wale vijana. Kweli alionekana. Mama yake mdogo anaishi kule, na alitumwa kupeleka unga. Daftari ninalo hadi leo: mabao 6 kati ya 8 yalipita kulia kwetu, ambako beki aliumia dakika ya 10 na hatukuwa na wa kumbadilisha, akabaki anachechemea. Nilipolifungua daftari pale kijiweni niliambiwa, "Dogo, mpira haujui kusoma." Kipa hakurudi kiwanjani tena. Wakimpita barabarani walimwita Soda. Alikuwa na miaka 17, na alikuwa kipa mzuri, nasema hivyo kwa kuwa nina mechi zake 22 kwa maandishi.

Utaniambia, msomaji, kwamba rushwa katika mpira ipo. Naam, ipo, na mimi si mtoto. Mechi huuzwa, duniani kote. Lakini hebu fikiri kama muuzaji. Anayeuza mechi hataki kukamatwa. Atauza kwa bao 1, dakika ya 80, kwa kosa dogo ambalo hata Mungu atalitazama mara mbili. Kuuza kwa 8 ni sawa na kuiba ng'ombe ukampitisha sokoni mchana. Kwa hiyo tukitaka kushuku tungeanza na zile 1-0 tunazozisahau. Hatufanyi hivyo, na kwangu hiyo ni dalili kwamba hatutafuti wizi. Tunatafuta dawa ya maumivu.

Ziko mechi ambazo timu hujifungisha kweli. Mwaka 2002 kule Madagaska, timu ya SO l'Emyrne ilipiga mpira ndani ya goli lake yenyewe mechi nzima, kwa hasira dhidi ya uamuzi wa refa, na AS Adema wakashinda 149-0. Hakukuwa na haja ya mpelelezi. Kila aliyekuwapo uwanjani aliona.

Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, na humo nimekuta desturi iliyonifanya nicheke, kisha nikakaa kimya. Timu ya ligi kuu yao hucheza mechi 162 kwa msimu, kwa hiyo kila timu, hata bingwa, itapigwa vibaya siku fulani. Mechi ikishaharibika kabisa, kocha anaweza kumwita mchezaji ambaye si mrushaji, akamwambia arushe yeye, ili mikono ya warushaji halisi ipumzike kwa ajili ya kesho. Yule bwana anarusha vimpira laini, watu wanacheka, na hakuna anayesema kanunuliwa. Tarehe 22 Agosti 2007 Baltimore Orioles walifungwa nyumbani kwao na Texas Rangers 30-3. Siku hiyohiyo ratiba ilikuwa na mechi ya pili kati ya timu zilezile. Wakaingia tena uwanjani, wakafungwa tena, lakini safari hii 9-7.

Sisi hatuna mechi 162. Tuna mbili za watani kwa msimu, na pengine hicho ndicho kinachotutia wazimu. Ila hata sisi tumewahi kuonja jambo kama hilo. Januari 2019 Simba walikwenda Kinshasa wakapigwa na AS Vita 5-0. Februari wakaenda Misri wakapigwa na Al Ahly 5-0. Mikono miwili, vidole vyote kumi. Minong'ono ilikuwepo, na sisi wengine tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini kocha Patrick Aussems hakufukuzwa wiki ile, wachezaji ni walewale, na watu wa Dar es Salaam wakaenda uwanjani kama waliokuwa hawajasikia habari. Tarehe 12 Februari Al Ahly wakafungwa 1-0, bao la Meddie Kagere. Tarehe 16 Machi Vita wakafungwa 2-1, Chama akimaliza kazi dakika za mwisho kabisa. Simba wakaingia robo fainali ya Afrika.

Niliuandika msimamo wa kundi lile katika daftari lilelile la ndondo, ukurasa wa nyuma. Simba: mechi 6, wamefunga mabao 6, wamefungwa 13, pointi 9, nafasi ya pili.