Samaki wa Pili

Je, kumrudisha samaki majini ni huruma? Swali hili ni jepesi ukiwa umekaa Iringa mjini na perege wa Mtera kwenye sahani, ndimu pembeni. Samaki ameshakufa, ameshalipiwa, hana la kusema. Linakuwa zito ukiwa kwenye mtumbwi Matema, mshipi mkononi, na kule chini kitu kimeanza kuvuta.

Nazungumzia zile safari fupi za starehe. Mtu katoka Mbeya mjini, kapita Tukuyu, kashuka Kyela hadi Matema, na asubuhi anamlipa mvuvi ampeleke kuvua kwa saa mbili tatu. Pale Milima ya Livingstone inazama ziwani karibu wima, na Ziwa Nyasa lina kina kinachofika takriban mita 700. Kazi yote ya akili anaifanya mvuvi: anajua miamba iko wapi, anatuliza mtumbwi, anatia chambo, anakwambia shusha mpaka risasi iguse chini, halafu pandisha kidogo. Wewe kazi yako ni kushtuka tu.

Basi mgeni akishapiga picha, anamwachia samaki. Anajisikia mwema, jamani! Mzee aliyewahi kunipeleka alimtazama abiria mwenzangu akifanya hivyo, akamuuliza taratibu: "Sasa mwanangu, ulikuwa unamwitia nini?"

Hakujibiwa. Mimi naona lile lilikuwa swali la falsafa kuliko mengi tunayosoma.

Tuanze na mwili wa samaki. Wengi wa wale wa miambani ni jamii moja na perege, na kibofu chao cha hewa hakina mlango wa kutolea gesi haraka. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Ukimvuta ghafla kutoka mita 30, gesi ile inataka kutanuka karibu mara nne. Macho yanatokeza, tumbo linavimba, pengine utumbo unasukumwa hadi mdomoni. Ukimtupa majini anaelea chali, asiweze kuzama. Ukimwacha hivyo, umemkabidhi kwa ndege, ila tu hukubaki kutazama. Ni kweli, wapo wavuvi, huko ng'ambo hasa, wanaomshusha tena kwa uzito hadi kina chake, na wengine hupona. Sijaona mgeni wa Matema akibeba kifaa hicho.

Na maumivu? Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walichapisha utafiti ambamo samaki aina ya trauti walidungwa siki kali au sumu ya nyuki mdomoni. Walichelewa kurudi kula, na baadhi walisugua midomo kwenye kokoto. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu maana yake. Mimi hiyo kokoto inanitosha.

Ujerumani, sheria ya mwaka 1972 inakataza kumuumiza mnyama bila sababu ya maana, na huko kula ni sababu inayokubalika kirahisi kuliko kucheza. Hapo sheria na yule mzee wanakaa benchi moja. Hata Santiago wa Hemingway anamwita samaki wake ndugu, anampenda, na bado anakusudia kumuua. Wengine humwona mnafiki. Mimi sioni hivyo: ametoka kutafuta riziki baada ya siku 84 bila kitu, na anajua anachokifanya ni nini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kabla ya kushusha ndoano, ujulikane nani atamla. Mvuvi mwenyewe, jikoni kwako, jirani, yeyote, ila awe mtu mwenye sufuria. Ikishajulikana, akipatikana auawe upesi, asiachwe kutapatapa ndani ya mtumbwi wakati mnatafuta mwanga mzuri wa picha.

Lakini kuna jambo linanibana. Samaki wa kwanza anatosha chakula cha mchana. Saa bado moja, hela imeshalipwa, mvuvi anatia chambo tena bila kuulizwa, maana kwake samaki wa pili ni mboga ya watoto. Ndoano ni ileile, mwamba uleule, na wote wawili wataliwa. Ila mimi, niliyeshika mshipi, sasa navuta kwa sababu nimenogewa. Yule mzee hatauliza kitu safari hii.