Bei ya Goti

Yako maneno ambayo mtu huyatumia umri wake wote bila ya kuyauliza yalikotoka, na neno fidia ni mojawapo. Sisi tunaoshughulika na kazi ya kufasiri hatuna ruhusa ya kuliacha lipite hivi hivi. Katika asili yake ya Kiarabu, fidia ni kitu kitolewacho ili mtu akombolewe. Mateka hutolewa fidia akarejea kwao. Mkongwe asiyeweza kufunga Ramadhani humlisha masikini, na chakula kile ndiyo fidia ya siku yake. Mwana wa Nabii Ibrahimu alikombolewa kwa mnyama, akateremka mlimani akiwa mzima. Katika mifano yote hii kuna kitu kinachorudi: mateka huonekana tena mlangoni kwa mama yake, na siku iliyopotea huhesabiwa kuwa imefungwa. Lakini mtu aliyepondwa goti na pikipiki, akalipwa fidia, goti lake halirudi. Basi tunapomwambia kwamba ameshalipwa, tumemrudishia nini?

Nauliza nikiwa huku Bukoba, katika kata ya Nyanga, ambako swali hili halikai vitabuni. Usafiri wetu ni bodaboda. Neno lenyewe limetujia kutoka upande wa Uganda. Lilizaliwa mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kutoka boda moja hadi nyingine. Mwaka 2010 zikatungwa kanuni zilizoipa pikipiki leseni ya kubeba abiria Tanzania Bara, na tangu hapo mkungu wa ndizi, mwanafunzi, mjamzito na mwalimu wote hupanda kiti kimoja. Barabara zetu ni za vilima. Anayeshuka Kona ya Nyangoye kuingia mjini, au anayetoka vijiji vya ndani vya Muleba kwa njia ya udongo baada ya mvua, anajua kwamba roho yake imo katika breki za kijana ambaye huenda hakuwahi kufundishwa na yeyote.

Tumchukue mama mmoja, ambaye sitampa jina kwa sababu ni wengi. Anatoka gulioni. Kijana amempakia yeye na abiria mwingine nyuma yake, ule upakizi tunaouita mshikaki. Pikipiki inateleza kwenye changarawe, na uzito wote unaangukia goti la mama. Hospitalini anatiwa vyuma. Siku ya tatu, kabla hata uvimbe haujashuka, unakuja ujumbe. Aghalabu huwa ni watu wa heshima: mjomba wa kijana, mzee mmoja wa mtaa, na mtu aliyetumwa na mwenye pikipiki. Wamebeba sukari na sabuni. Wanatoa pole kwa adabu yote, wanamwita mama, wanauliza habari za watoto. Kisha mazungumzo yakishatulia inatolewa karatasi. Karatasi inasema kwamba pande mbili zimekubaliana kumalizana kwa amani, kwamba mgonjwa amepokea kiasi kadha wa kadha kwa ajili ya matibabu, na kwamba hatadai tena chochote, popote, milele. Naam, milele, na anayetiwa kalamu mkononi ni mtu ambaye daktari hajamwambia bado kama mguu utakunjika.

Sina ugomvi na suluhu. Aliyelelewa katika Uislamu wa pwani amesomeshwa tangu chuoni kwamba suluhu ni kheri, na Mhaya aliyekaa na wazee wake ameona magomvi makubwa yakizimwa kwa maneno ya upole. Mahakama hutoa hukumu, na hukumu huacha mshindi na mshindwa wanaoteka maji kisima kimoja. Lakini suluhu ni mapatano ya watu wawili wanaojua wanachokiacha. Mama yule hajui. Hajui kama atarudi shambani, hajui vyuma vitatolewa lini na kwa gharama gani, wala hajui kwamba alikuwa na haki ya kitu kingine chochote. Kumwomba asamehe katika hali hiyo ni kumfunga macho kisha kumsifu kwa kutotazama. Tena neno kumalizana lina hila ndani yake. Kwa mwenye pikipiki jambo limemalizika kweli. Kwa mama ndiyo kwanza linaanza.

Hapa watu wema huniuliza: Je, wataka mama amshitaki kijana maskini? Pikipiki si yake. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, au amepewa kwa mkataba, analipa kidogo kidogo akitumaini kwamba ipo siku kadi itaandikwa jina lake. Kumdai mamilioni ni kumdai asichonacho, na ni kumfanyia ukatili jirani ambaye kesho atambeba mtoto wako kumpeleka hospitali. Hoja hii ni nzito, nami sikubaliani na wanaoipuuza kwa kusema tu kwamba sheria ni sheria.

Hata hivyo, tuitazame sheria ilivyotengenezwa, kwani imeona mbali kuliko tunavyodhani. Sheria ya bima ya vyombo vya moto, sura ya 169, imekataza chombo kupita barabarani bila ya bima ya mtu wa tatu, na imeilazimisha kampuni ya bima kulipa kile ambacho mahakama imemhukumu aliyekata bima. Kwa njia hiyo imetenganisha maswali mawili ambayo mama na wageni wake wanayachanganya: nani amekosa, na nani atoe fedha. Jambo hili si geni kwa wasomaji wa visiwani waliosoma fiqhi. Anayeua bila ya kukusudia hakuachwa alipe dia peke yake. Wanaukoo wake wa kiumeni, wale waitwao akila, hugawana mzigo. Hekima yake ni kwamba kosa la bahati mbaya lisimwangamize aliyekosa, wala umaskini wa aliyekosa usimwangamize aliyekosewa. Bima ni akila ya watu wasiojuana. Kila mwenye chombo ametia fungu lake mapema, na mama anapodai anauita ukoo ule utimize kazi uliyoundiwa. Akinyamaza kwa kumwonea kijana huruma, huruma yake haimfikii kijana. Inabaki katika hesabu za kampuni.

Najua kwamba ukoo huu wa karatasi hauji na sukari. Unauliza kama bima ilikuwa hai siku ile. Unauliza kama ilikatwa kwa matumizi binafsi ilhali pikipiki ilikuwa ikibeba abiria kwa malipo, na uko tayari kukataa kwa tofauti hiyo. Unauliza mama alikubalije kupanda akiwa wa pili, na sheria nayo inairuhusu mahakama kupunguza fidia kwa kadiri ya kosa la mdai mwenyewe. Unataka fomu ya polisi, ile PF3, na mwisho wa kesi ya trafiki. Na juu ya yote hayo kuna saa inayokwenda: madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3 tangu siku ya ajali. Miaka 3 ni mingi kwa anayesubiri mshahara. Kwa anayejifunza upya kutembea, na nauli ya kwenda mjini ni ya kuazima, hupita kama Jumapili.

Tuseme mama amefika mahakamani. Sasa swali letu la kwanza linarejea likiwa na meno. Aristotle, katika kitabu cha tano cha maadili yake, anamfananisha hakimu na mtu aliyekuta mstari umegawanywa vipande visivyo sawa: hukata kilichozidi upande mmoja akaunganisha upande wa pili hadi pande zote mbili zilingane. Ni mfano mzuri kwa mtu aliyeibiwa mbuzi. Kwa goti unakwama, kwa kuwa kijana hakupata goti la ziada. Hakuna kilichozidi popote cha kukatwa. Kilichopo ni pengo tupu, na sheria inatakiwa ilipime.

Inalipimaje? Sheria ya madhara haya huku Bara haikutoka Bungeni. Msingi wake ni sheria ya desturi ya Waingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, tuliyorithishwa na watawala ambao miaka 5 kabla ya hapo waliushambulia mji wetu huu wa Bukoba kuwatoa Wajerumani. Ndani ya urithi huo fidia imegawanywa sehemu mbili. Ya kwanza ni fidia maalumu, yaani fedha zilizotoka na kipato kilichokatika. Na Mahakama ya Rufani ilikariri mwaka 1992 kwamba hii lazima itajwe waziwazi katika madai na ithibitishwe. Ya pili ni fidia ya jumla, ya maumivu na ya maisha yaliyopungua, ambayo hakimu huikadiria kwa busara yake.

Tazama sasa haki inavyopindika bila ya mtu yeyote kufanya dhuluma. Karani wa ofisi aliyevunjika goti ana hati ya mshahara. Kila mwezi wake una karatasi. Akiwa ameumia kazini, ipo hata Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 yenye jedwali la asilimia za ulemavu. Mama yetu analima kibanja, anapalilia migomba na kahawa, anapika, anauguza, anauza mkungu mmoja anapohitaji chumvi na daftari. Hana risiti hata moja. Kazi yake yote, iliyolisha watu saba kwa miaka ishirini, inasimama mbele ya hakimu kama si kazi. Ataulizwa: kwa mwezi ulikuwa ukipata kiasi gani? Naye atasema kweli, kwa unyenyekevu: sikuwa nikipata chochote.

Katika kigezo hiki elimu ya dia ina jambo la kutufundisha. Waraka aliopelekewa Amr bin Hazm kule Yemen uliweka ngamia 100 kwa nafsi, nusu yake kwa mguu, 10 kwa kila kidole na 5 kwa jino. Na Ibn Abbas amepokea kwamba kidole gumba na kidole kidogo vina thamani sawa. Nimelitafakari hili mara nyingi. Kila mtu anajua kwamba gumba lina faida kuliko kile kidogo. Fundi akikatwa gumba ameacha ufundi. Lakini dia haikuuliza mtu alikuwa akikifanyia nini kidole chake. Iliuliza tu kama ni kidole cha binadamu. Jamaa zetu walioko Oman wanaufahamu utaratibu huu, kwani dia na arshi zimo katika sheria za huko hadi leo. Usawa wake, hata hivyo, haukutimia: wanazuoni wengi wa kale wamemwekea mwanamke nusu ya dia ya mwanamume, na mama yetu angekuwa na la kusema juu ya hilo.

Kwa hiyo mimi sitaki turudi kwenye ngamia. Jedwali linamheshimu kila mtu kwa kutomuuliza, na kwa kutomuuliza halimwoni. Sheria ya Kiingereza inamuuliza, ila inamuuliza kwa lugha ya risiti. Ningependa mahakama ianze mahali dia ilipoanzia, kwamba goti la mama wa Nyanga na goti la karani ni magoti mawili yaliyo sawa, kisha iendelee mahali jedwali lisipoweza kufika, imsikilize alikuwa akiishi vipi. Mlango huo upo tayari. Ni ile fidia ya jumla, ambayo mawakili wengi huiandika kwa mstari mmoja mwishoni mwa hati ya madai, kana kwamba ni bakshishi.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, wakati awali mahakama za mwanzo pekee ndizo zilizolazimika kutumia Kiswahili kwa mujibu wa sheria. Sisi wafasiri tulifurahi, kisha tukaanza kuona ugumu. Waingereza wana namna yao ya kutaja yale ambayo majeruhi hawezi tena kuyafanya na ambayo hayana bei. Nimeona ikifasiriwa kuwa kupoteza raha za maisha. Ni tafsiri sahihi kwa kamusi, lakini neno raha linaleta picha ya ngoma na matembezi, na hakimu akisoma kwamba mama mwenye umri wa miaka hamsini amepoteza raha, atatoa cha raha.

Alichopoteza ni hiki. Huku kwetu mwanamke humwamkia mkubwa wake kwa kupiga magoti. Alipiga magoti mbele ya baba mkwe tangu siku aliyoolewa, na mbele ya shangazi zake. Na watoto wake walijifunza heshima kwa kumtazama yeye akishuka chini. Sasa anasimama, amejishika kwenye fimbo au kwenye nguzo ya mlango, na salamu inatoka ikiwa imesimama nayo. Wazee wanamwambia, mama, usijali, tunajua. Yeye anajali. Msibani anaketi kwenye kiti ilhali wenziwe wamekaa chini pamoja na mfiwa, na mtoto wa jirani asiyejua habari za ajali anauliza kwa nini yule bibi hapigi magoti.

Nimejaribu kuandika sentensi ambayo wakili angeweza kuitia katika hati ya madai kueleza jambo hilo. Niliyo nayo hadi sasa inasema: mdai hawezi tena kuamkia. Ina maneno manne tu, na sijui neno la kuongeza.