Mwalimu wa Timu Inayojengwa Upya: Ana Deni kwa Nani?

Timu ikiisha kuanguka, na wenye timu wakikata shauri kuijenga upya kwa vijana, hutokea swali ambalo watu hulijibu upesi mno. Je, mwalimu wa timu hiyo, ambaye wengine humwita kocha, kazi yake hasa ni nini? Wako wasemao ya kwamba kazi yake ni kulea vijana, na kushindwa kwa miaka miwili mitatu si kitu. Wengine husema, la, mwalimu huwekwa ili timu ishinde. Kijana aliyelelewa katika kushindwa hujifunza kushindwa, na mazoea hayo hayamtoki upesi. Maneno haya twayasikia hata huku kwetu katika mpira wa miguu. Lakini leo twapenda kuyatazama katika mchezo wa nchi za baridi, yaani mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, kwa sababu huko jambo hili hufanywa waziwazi, na hesabu zake zimeandikwa.

Kwa ajili ya wasioujua mchezo huo, tuseme machache. Wachezaji sita wa kila upande huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wakateleza juu ya barafu, na kwa magongo yao hukipiga kisahani cha mpira mgumu kukitia golini. Usidhani kwamba ni mchezo wa watu wa mbali tu: mwaka 2018 wachezaji wa Kenya Ice Lions, waliojifunza katika kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli moja ya Nairobi, walisafiri mpaka Kanada wakacheza huko. Ligi iliyo kubwa kupita zote huitwa NHL, nayo ina timu za Kanada na za Marekani. Kila mwaka timu hizo huchagua kwa zamu vijana wapya, wengi wao wa miaka 18. Timu iliyoshindwa sana hupewa nafasi ya mbele katika kuchagua. Kura hupigwa kwanza, ili mtu asiweze kujinunulia kijana bora kwa kushindwa makusudi. Lakini hata hivyo aliye chini kabisa ndiye mwenye tumaini kubwa.

Hapo ndipo penye mtego. Mwenye timu aweza kuona faida katika kushindwa, wala hatumlaumu kwa kuyajua masharti ya ligi yake. Lakini mwalimu husimama mbele ya vijana kila asubuhi, na yampasa kuwaambia wapigane kwa nguvu zao zote. Ikiwa yeye naye moyoni anataka washindwe, basi kila neno lake ni la uongo, na vijana hawakawii kuutambua uongo wa mkubwa. Kwa hiyo twasema kwanza ya kwamba subira ya mwalimu si kitu kimoja na hesabu ya mwenye timu. Mwalimu aweza kuvumilia kushindwa, bali hawezi kukutamani.

Tena kuna jambo ambalo twaliona ndilo kubwa. Timu ikikosea mwaka huu, mwakani itachagua vijana wengine, na mwaka wa pili wengine tena. Lakini kijana hana miaka 18 mara mbili. Miaka aliyoitoa ni mali yake, naye ameikopesha. Na aliyeipokea mkononi si mwenye timu aketiye ofisini, ni mwalimu. Basi deni la kwanza la mwalimu ni kwa kijana.

Tutazame Toronto. Mwezi Mei 2015 timu ya Toronto Maple Leafs ilimwajiri Mike Babcock kwa mapatano ya miaka 8. Alikuwa mtu mwenye sifa: alikuwa ameshinda Kombe la Stanley pamoja na Detroit mwaka 2008, na kuiongoza Kanada kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 2010 na 2014. Msimu wake wa kwanza Toronto ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima, ikiwa na pointi 69. Ikamchagua Auston Matthews, naye katika mchezo wake wa kwanza, Oktoba 2016, akafunga mabao manne peke yake. Msimu huo timu ikapata pointi 95. Mtu akiuliza, Je, vijana walikua? tutajibu bila kusita: walikua, tena upesi.

Lakini msimu ule ule lilitokea jambo jingine, ambalo watu hawakulijua mpaka mwaka 2019. Babcock alimwita Mitch Marner, kijana wa miaka 19 aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza, akamtaka aandike majina ya wenzake kwa kufuata bidii yao, kutoka mwenye bidii nyingi mpaka mwenye bidii kidogo. Kijana akaandika, angefanyaje? Kisha wakubwa waliowekwa chini katika karatasi ile wakajulishwa habari yake na mwalimu mwenyewe. Babcock baadaye alikiri ya kwamba halikuwa shauri jema, na ya kwamba alimwomba kijana radhi.

Wengine watasema, Hilo ni jambo dogo, karatasi moja tu, na kijana yule amekuwa mchezaji mkubwa. Sisi hatuoni hivyo. Mchezaji wa miaka 19 amewekwa kati ya watu wenye ndevu, nao ndio wanaompa njia juu ya barafu na kumkinga asiumizwe. Mwalimu aliyemfanya awe msema watu mbele yao amemnyang'anya kile alichokihitaji kuliko mafunzo yo yote. Na kama Marner alikua vema baada ya hayo, hiyo ni sifa ya Marner, wala haifai kuandikwa katika daftari ya aliyemtia majaribuni. Ni desturi mbaya ya watu wengi, mti ukizaa matunda hata baada ya kukatwakatwa, kusema kwamba panga ndilo lililozaa.

Samaki mkunje angali mbichi. Neno hili tumelisikia sote, na aghalabu hutajwa na mtu ashikaye fimbo. Lakini lisikilizwe vizuri. Halisemi mkunje kwa nguvu. Lasema mkunje mapema. Na samaki aliyekunjwa vibaya angali mbichi hukauka na ubaya ule ule.

Toronto ilishindwa katika duru ya kwanza ya mashindano ya Kombe mwaka 2017, na 2018, na 2019, na tarehe 20 Novemba 2019 Babcock akaondolewa. Hatusemi kwamba karatasi ile ndiyo iliyoleta kushindwa. Asemaye hivyo ajua zaidi kuliko sisi.

Sasa twende Montreal. Timu ya huko, Canadiens, imeshinda Kombe mara 24, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1993. Kwa hiyo watu wa mji ule hawana subira nyingi, nasi hatuwashangai. Mwaka 2018 walimchagua kijana wa Ufini, Jesperi Kotkaniemi, akiwa wa tatu katika vijana wote, wakamchezesha katika ligi kubwa mara moja, akiwa na miaka 18. Mwaka 2021 timu ilifika fainali. Katika michezo miwili ya mwisho ya fainali ile, siku zile zile alipotimiza miaka 21, hakuwekwa katika timu. Kabla msimu mpya haujaanza, Carolina ikamwahidi mshahara wa dola 6,100,000 kwa mwaka mmoja. Montreal ikakataa kulipa kiasi hicho, naye akaenda zake. Huenda mwalimu alikuwa na haki kumweka nje, maana fainali si mahali pa majaribio. Lakini ukitaka kijana abebe mzigo akiwa na miaka 18, kisha ukamwondolea mzigo siku ambayo watu wote wanatazama, huwezi kustaajabu akitafuta nyumba nyingine.

Msimu uliofuata mambo yaliharibika kabisa. Cole Caufield, kijana mfupi wa miaka 21, ambaye kazi yake hasa ni kufunga mabao, alifunga bao 1 tu katika michezo 30. Mwezi Februari 2022 mwalimu akaondolewa, akaja Martin St. Louis. Mtu huyu alikuwa mchezaji mashuhuri zamani, lakini alikuwa hajapata kuwa mwalimu mkuu wa timu ya watu wanaolipwa. Alikuwa akifundisha timu za watoto, na wanawe wakiwa humo. Watu wengi walicheka. Caufield akacheza chini yake michezo 37, akafunga mabao 22.

Hapa yatupasa kwenda polepole. Je, mabao yale ni ya mwalimu? Mikono ni ya Caufield, na gongo ni la Caufield, na ustadi aliujia nao. Hata hivyo mtu hasahau kazi yake kwa michezo 30, akaikumbuka ghafula kwa bahati. Twadhani ya kwamba mwalimu hakumwongezea kitu, bali alimwondolea kitu. Kijana aogopaye kukosea hutazama nyuma kwa mwalimu kabla ya kupiga, na katika mchezo wa barafu kutazama nyuma kwa nukta moja ni kupotewa na nafasi. Sisi tulioketi na watoto darasani twamjua mtoto wa namna hiyo: ajua jibu, lakini hutazama kwanza uso wa mwalimu.

Tena lilikuja jambo la Juraj Slafkovsky, ambalo watu wa Montreal walibishana juu yake mwaka mzima. Kijana huyu wa Slovakia alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2022, akiwa na miaka 18. Wengi walitaka apelekwe Laval, katika timu ndogo ya Montreal, ajifunze pole pole mbali na macho ya watu. St. Louis akabaki naye. Alicheza michezo 39, akafunga mabao 4, kisha Januari 2023 akaumia goti, na msimu wake ukaisha. Waliobisha wakasema, Si tuliwaambia? Msimu uliofuata alifunga mabao 20 na kupata pointi 50. Wa upande wa pili nao wakasema, Si tuliwaambia?

Kwa kweli hakuna kati yao aliyethibitisha neno. Pengine angekwenda Laval angepata pointi 60. Pengine angevunjika moyo. Kijana ni mmoja, hawezi kuishi mara mbili ili tulinganishe. Kwa sababu hiyo twaona ya kwamba mwalimu hawezi kuhukumiwa kwa matokeo peke yake. Na aulizwe hivi: Je, ulipomweka alijua kwa nini umemweka, na ulipomtoa alijua kwa nini umemtoa, na siku ya kurudi aliijua? Hayo mwalimu aweza kuyajibu siku ile ile, pasipo kungoja miaka mitatu.

Wala tusidhaniwe kwamba twahubiri ulegevu. Kijana aachwaye kukosea kosa moja mwezi mzima bila kuambiwa, hakupendwa; ameachwa. Na kuna dhuluma nyingine ambayo wapenda vijana hawaitaji: katika timu inayojengwa upya wako watu wa miaka 30 na zaidi, wenye wake na watoto, ambao huketi benchi ili mtoto ajifunze mahali pao, ijapokuwa wao ni bora kuliko yeye kwa leo. Nao pia wana mwaka wao usiorudi. Mwalimu mwenye haki huwaambia uso kwa uso. Twadhani mtu mzima aweza kustahimili kuambiwa kweli. Asiloweza kustahimili ni kusikia habari zake kwa wengine.

Montreal ilikuwa ya mwisho katika timu 32 mwaka 2022, ikawa ya 28 mwaka 2023, na ya 28 tena mwaka 2024. Mwaka 2025 iliingia katika mashindano ya Kombe, ikashindwa na Washington michezo minne kwa mmoja. Mwaka ule ule Lane Hutson alipewa tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi, kwa pointi 66. Yeye alichaguliwa mwaka mmoja na Slafkovsky, lakini majina 61 yalitajwa kabla ya jina lake, maana wengi walimwona mdogo wa mwili.

Hata huyo St. Louis, alipokuwa kijana, hakuchaguliwa na timu yo yote, kwa sababu ya ufupi wake. Calgary ilimchukua mwaka 1998, ikamchezesha michezo 69 katika misimu miwili, naye akafunga mabao 4. Mwaka 2000 wakamwacha. Tampa Bay ikamwokota. Mwaka 2004 alikuwa wa kwanza wa ligi nzima kwa pointi, akapewa tuzo ya mchezaji bora, na Tampa Bay ikashinda Kombe la Stanley kwa michezo saba. Timu waliyoishinda katika fainali ilikuwa Calgary.