Mwigizaji na Dhamana ya Kauli Yake

Ndugu msomaji, liko suala ambalo halijakwisha kuzungumzwa mabarazani tangu senema ilipoingia katika miji yetu ya pwani. Mtu anayejifanya mlevi au mwizi mbele ya kamera, naye si mlevi wala si mwizi, je, huyo amesema uwongo?

Wapo wanaolikata suala hili kwa neno moja: kuigiza ni kudanganya, na kudanganya ni haramu, basi. Mimi naona wamefanya haraka. Maneno hayawi uwongo kwa kutokuwa na ukweli tu. Sharti awepo mtu anayekusudiwa kupotoshwa. Mwenye kukata tikiti anajua anachokwenda kukitazama. Pran, yule mwigizaji wa Kihindi aliyesifika kwa kuigiza watu waovu, alichukiwa na watazamaji kana kwamba uovu ule ni wake mwenyewe. Hapo kosa ni la mtazamaji. (Na mabibi zetu waliomlaani huku wakijifuta machozi kwa ncha za leso, tuwasamehe.)

Lakini suala hili lina upande wa pili, nao ni mzito zaidi. Anayetamka maneno aliyopewa na mwingine, anabeba dhamana gani juu ya maneno yale? Na tumtazame mtu ambaye jina lake tunalijua sote.

Rashidi Mfaume Kawawa, kabla ya kuwa kiongozi, alikuwa mwigizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, akishughulika na gari la senema katika kampeni ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kampuni moja ya Afrika Kusini ilipokuja kutengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya serikali ile, yeye akawa mwigizaji mkuu. Filamu yake inayokumbukwa zaidi ni Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952. Filamu hizo hazikuwa za burudani tupu. Serikali ilizigharamia kwa sababu ilitaka kumfunza Mwafrika mwenendo ambao yenyewe iliuona unamfaa.

Je, Kawawa alikuwa mnafiki? Mwaka 1955 tu, kijana huyo huyo alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, akisimama mbele ya mabwana wale wale kudai haki za vibarua. Mimi sioni unafiki hapo. Kusoma ni kheri, hata akikuhimiza mtu asiyekutakia kheri zote. Na kauli za kwenye filamu zilikuwa na mwisho wake: mashine ikizimwa, mwigizaji huvua nguo za mchezo, na mtazamaji hurudi kwake akiwa na hiari ya kuyafuata aliyoyaona au kuyaacha.

Baadaye alipewa maneno mengine ya kutamka, na hayo hayakuishia kwenye kitambaa cheupe. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama cha TANU, na Kawawa akakikalia kiti. Desemba ya mwaka huo huo nchi ikawa Jamhuri, Nyerere akawa Rais, na Kawawa akawa Makamu wake bila ugomvi wala kinyongo kilichoonekana. Ni wangapi katika Afrika waliowahi kukaa juu kabisa kwa karibu miezi kumi na moja, kisha wakashuka daraja moja kwa utulivu namna ile? Kwa hakika huo ni uaminifu, na amana ilirudishwa kwa mwenyewe.

Tupande sasa bara, mpaka Dodoma. Wagogo wa uwanda ule mkavu ni wafugaji na wakulima, na desturi yao ilikuwa kukaa kwa kutawanyika, kila mji na ng'ombe wake, katika nyumba za tembe zenye kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo vilevile. Mwaka 1971 mkoa mzima uliingizwa katika Operesheni Dodoma, watu wahamie vijiji vya ujamaa. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi: ukame na njaa vilikuwa vikirudi mara kwa mara, na kisima, shule au zahanati haviwezi kumfuata kila mtu porini kwake. Novemba 1973 kukaa vijijini kukawa amri kwa nchi nzima, na mahali pengi nyumba za zamani zilibomolewa au kutiwa moto ili wenyewe wasirudi. Mwandishi wa siasa ile alikuwa Nyerere. Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais na tangu 1972 Waziri Mkuu pia, alikuwa mmoja wa watekelezaji wake wakubwa.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo ninapopata taabu. Tabia tuliyoisifu Desemba 1962, ya kutojitanguliza na kutimiza jambo kama lilivyopangwa na mwingine, ndiyo hii hii inayotutia wasiwasi mwaka 1973. Watu husema mjumbe hauawi, na ni haki asiuawe. Lakini methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya aletaye habari, si kwa ajili ya avunjaye paa. Wala usidhani nawasema wakubwa peke yao. Dereva wa lori, karani mwenye orodha ya majina na askari aliyesimama mlangoni, kila mmoja alikuwa na jibu lile lile, kwamba ametumwa. Huenda nawe unashika kalamu katika ofisi fulani leo.

Oktoba 1973 TANU iliamua pia makao makuu ya serikali yahamie Dodoma katika muda wa miaka kumi. Wizara zilianza kuhamia kwa dhati baada ya 2016. Kawawa alikuwa amekwisha kufariki, tarehe 31 Desemba 2009. Wakubwa waliupata muda wa kuhama polepole. Mgogo wa 1971 hakuupata, na nyumba ya tembe ikikosa mtu wa kuliziba paa lake, mvua za miaka michache huirudisha kuwa kichuguu.